Tupeane uzoefu: ulipompa mwanafunzi nafasi ya kuchagua, darasa lilibadilikaje?

Chaki Mkononi
Wakuu, habari za jioni. Nilikuwa nasahihisha madaftari, nikakuta mtoto ameandika chini ya zoezi: "Mwalimu nimechagua la tatu kwa sababu ulisema nikikwama utakuja." Kalamu nikaiweka mezani kwanza. Huyu ni mtoto aliyekuwa anajificha nyuma ya mgongo wa mwenzake kila ninapogeuka kutoka ubaoni.

Nafundisha hesabu. Utaratibu wangu wa sasa ni huu: zoezi lina safu tatu, zote zina lengo moja. Safu ya kwanza ina mfano uliokokotolewa hadi jibu. Ya pili ina mfano ulioachwa njiani, mwanafunzi anaumalizia. Ya tatu haina mfano. Kila mtu anachagua pa kuanzia, ila kabla ya kengele lazima awe amejaribu walau swali moja la safu ya pili. Mimi siketi, nazunguka muda wote.

Sasa wenzangu, walimu, wazazi, hata nyie mliokuwa wanafunzi: ulipochaguliwa kila kitu ulijisikiaje, na ulipochagua mwenyewe ikawaje? Kipi kilifaa na kipi kilikataa?

Mama Pacha
Hiyo "nikikwama utakuja" imenigusa sana. Nipo, nafuatilia.

Mdadisi
Mada nzuri mkuu. Ila niwe mkweli, darasa langu wanafunzi wamebanana hadi mlangoni, dawati la wawili wanakaa wanne. Hiyo safu tatu na kuzunguka nitapita wapi? Mwenye uzoefu wa darasa kubwa aje hapa.

Kalamu ya Risasi
Tunawaharibu hawa watoto. Mtihani wa mwisho haumuulizi mtu anapenda swali gani. Sisi tuliambiwa kaa, andika, soma, na tulielimika. Mpe mtoto kuchagua, atachagua jepesi kila siku.

Chaki Mkononi
Kalamu, ndiyo maana nimesema lengo ni moja na safu ya pili ni lazima kwa wote. Anachochagua ni njia ya kufika. Kufika kwenyewe hakuna mjadala.

Mwalimu Mstaafu
Kalamu, kijana wangu, hata wataalamu waliolichunguza jambo hili kwa miaka mingi, Edward Deci na Richard Ryan, hawakusema mtoto aachwe afanye atakavyo. Wao walitaja mahitaji matatu: mtu aone anatenda kwa hiari yake, aone anaweza, na aone kuna watu wanaomjali. Ukitoa la kwanza ukanyima mengine mawili umemtelekeza, hujamsaidia. Nimefundisha hadi nywele zimekuwa nyeupe na sijaona mtoto anayechagua jepesi siku zote pale anapojua akishindwa hatachekwa.

Sauti Ndogo
Nimesoma uzi huu nikashindwa kulala. Mimi si mwalimu. Nina kigugumizi tangu utoto, na nataka niseme jinsi "hakuna kuchagua" inavyokuwa ukiwa upande wa pili.

Kipindi cha lugha tulikuwa tunasoma kwa sauti kwa zamu, safu kwa safu, kila mtu aya moja. Wenye kigugumizi wenzangu wanaijua hesabu tunayopiga. Nahesabu vichwa vilivyo mbele yangu, nahesabu aya, naijua aya yangu kabla haijafika, halafu naanza kutafuta maneno yatakayonikaba. Siku hiyo aya yangu ilianza na "Baba". Kwenye maongezi ya kawaida neno likinikaba nalikwepa, naweka jingine. Kitabuni huwezi, kila mtu ameshika nakala yake na anafuatisha kwa kidole. Katika yote yaliyosomwa na wenzangu kabla yangu sikusikia hata sentensi moja.

Nikasimama. Midomo ikabana, hewa haitoki, shingo imekaza hadi naona vimulimuli. Nikamwonyesha mwalimu kwa mkono kuwa naomba kukaa. Akasema, "Hukai mpaka usome. Hapa hakuna kuchagua." Mmoja wa nyuma akaanza "ba-ba-ba-ba", darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka, siwezi kumsingizia. Alikunja mikono, akawa anatazama saa yake. Nilisimama hivyo hadi kengele ikalia. Wenzangu walitoka wakinipita pembeni na mimi bado nimefungua kitabu ukurasa uleule.

Kuanzia hapo nikawa bingwa wa kukwepa. Zamu ikikaribia naomba ruhusa ya chooni. Nikiulizwa kitu ninachokijua kabisa najibu "sijui", kwa sababu "sijui" inatoka bila kukwama. Ripoti yangu ikaandikwa "hashiriki darasani". Mzazi akaisoma, akanichapa.

Mwaka uliofuata akaja mwalimu mwingine kwa somo lilelile. Aliligawia darasa zima kijikaratasi chenye njia tatu za kusoma: peke yako kwa mwalimu baada ya kipindi, wawili kwa pamoja kwa sauti moja, au mbele ya darasa siku utakayoitaja mwenyewe. Chini aliandika: "Kusoma utasoma. Namna ni yako." Kwa kuwa kila mtu alipewa, hakuna aliyejua kwamba kile kijikaratasi kilikuwa kimenilenga mimi.

Nilichagua kusoma na mwenzangu. Tulipoanza pamoja, neno langu la kwanza likapita. La pili likapita. Nikamaliza aya nzima huku nalia bila kujua kwamba nalia. Ukubwani, mtaalamu wa matatizo ya usemi alinieleza kuwa wengi wenye kigugumizi husoma bila kukwama wanapoisoma aya sambamba na mtu mwingine. Sijui kama mwalimu yule alilijua hilo au alibahatisha. Ninachojua ni kwamba baada ya muda alimwelekeza mwenzangu apunguze sauti kidogo kidogo, hadi ikafika mahali nasikika mimi tu, na nikikwama anarudi kunibeba.

Muhula wa mwisho nilitaja siku yangu. Nilikwama mara nyingi mbele ya wote na nikaifikisha aya mwisho. Hakuna aliyecheka.

Mama Pacha
Jamani. Pole sana ndugu yangu.

Mtoto wa Mwalimu
Na yule aliyekuwa akisema ba-ba-ba, mlikuja kuongea?

Sauti Ndogo
Ndiye niliyekuwa nasoma naye. Mwalimu hakumpanga, aliniuliza nataka nisome na nani. Nilimchagua yeye kwa sababu ndiye niliyekuwa namwogopa zaidi.

Mtoto wa Mwalimu
Hapo umenimaliza. Uzi huu uwekwe juu kabisa wote wauone.

Kalamu ya Risasi
Pole ndugu, nimesikitika kweli. Ila tusiwabebeshe walimu wote kosa la mmoja. Huenda yule wa kwanza alitaka kukujengea ujasiri. Mtoto asipolazimishwa kusimama atasimama lini?

Mwalimu Mstaafu
Kalamu, soma tena. Alilazimishwa kusimama na kilichofuata ni mwaka mzima wa kwenda chooni. Alipopewa njia tatu na mtu wa kumshika mkono, akasimama mwenyewe.

Kalamu ya Risasi
Mzee wangu, kigugumizi ni hali yake ya kipekee, nakubali. Mimi naongelea wale wavivu tu.

Mwalimu Mstaafu
Naye aliandikiwa "hashiriki darasani". Kwenye daftari la mahudhurio mvivu na mwenye hofu wanafanana. Wewe unawatofautishaje kwa kuwatazama?

Kalamu ya Risasi
Haya mzee. Hilo ngoja nilifikirie.

Mzazi Mmoja
Samahani kuwarudisha nyuma. Binti yangu ana kigugumizi na ameanza kukataa shule. Nimwambie nini mwalimu wake?

Fundi Maneno
Mwambie binti avute pumzi na atulie kabla ya kuongea.

Sauti Ndogo
Fundi, najua nia yako ni njema, lakini hilo la "tulia, vuta pumzi" linatuumiza. Linatukumbusha kuwa kila mtu ameona. Mzazi, mwombe mwalimu asimmalizie neno, amtazame kama anavyomtazama mwingine yeyote, na amsubiri hata ikichukua muda. Kuhusu kusoma kwa sauti, amuulize binti mwenyewe faraghani anataka ianzie wapi. Kumsamehe kabisa asisome pia si msaada, atajiona ameondolewa. Na kama mtaalamu wa usemi anapatikana, mpelekeni mapema.

Mzazi Mmoja
Mungu akubariki. Naiandika hii barua sasa hivi.

Mwalimu Mstaafu
Kusubiri kunawafaa wote, si mwenye kigugumizi peke yake. Miaka ya 1970 mtafiti Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Ulikuwa kama sekunde 1 tu, kisha wanamrukia mwingine au wanajibu wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yakarefuka na waliokuwa kimya wakaanza kujibu. Jaribuni kesho. Ulizeni, hesabuni moyoni hadi tatu. Mtaona ilivyo ndefu, na mtaona mikono inainuka kutoka pembe ambazo hamkutarajia.

Zawadi Kwanza
Mnajitesa bure. Mimi ukinyoosha mkono unapata kalamu. Darasa langu linachemka.

Chaki Mkononi
Na siku kalamu zikiisha? Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett walifanya jaribio na watoto wadogo waliokuwa tayari wanapenda kuchora. Walioahidiwa zawadi ili wachore, baadaye walipoachwa huru walichora kidogo kuliko ambao hawakuahidiwa kitu. Kile walichokipenda kikageuka kibarua.

Zawadi Kwanza
Wangu hawakuwa wanaipenda fizikia tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna nilichoua. Naendelea na kalamu zangu.

Chaki Mkononi
Hiyo ni hoja. Lakini anza kuzipunguza mapema, huku ukiwaachia wachague jaribio la kufanya.

Insha Yangu
Nami niongeze la kwetu. Mwalimu aliyenitangulia aliwapenda sana wanafunzi, akawa anawaambia "andikeni insha juu ya chochote". Nimeyarithi madaftari yao. Karatasi nyingi zina kichwa cha habari kilichofutwa, kikaandikwa kingine, kikafutwa tena, basi. Mimi nawapa mada nne na mlango mmoja: ukiwa na mada yako, ilete tuijadili kwanza. Karibu wote wanachukua moja ya nne, na wanaandika hadi mwisho.

Sheena Iyengar na Mark Lepper waliliona hilo kwa wanafunzi wa chuo, utafiti wao ulitoka mwaka 2000. Kundi moja lilipewa mada 6 za insha ya hiari, jingine mada 30. Wa mada 6 walioandika walikuwa asilimia 74, wa mada 30 asilimia 60. Na insha za wale wa 6 zilikuwa bora pia.

Fundi Maneno
Mimi napinga. Waachieni wachague kila kitu, hata kiti na jirani wa kukaa naye.

Insha Yangu
Jirani hapana Fundi. Wakichagua jirani, kuna mmoja atabaki bila wa kukaa naye, na wote wataona.

Fundi Maneno
Kwa Sauti Ndogo kuchagua mtu ndiko kulikomwokoa.

Sauti Ndogo
Niliulizwa nikiwa peke yangu na mwalimu. Ningeulizwa mbele ya watu nisingetamka jina lolote.

Mdadisi
Darasa kubwa bado mmenikwepa wakuu.

Mama Pacha
Nami nina darasa kama lako. Andika maswali kumi ubaoni, watatue sita wanayoyataka, mawili unayataja wewe kuwa ni ya lazima. Hakuna karatasi wala kuzunguka. Kisha kabla hujauliza kwa sauti, wape dakika wafikiri kimya, wasimuliane wawili wawili, ndipo unyooshe kidole. Mtoto anayejibu anakuwa tayari ameshalisema jibu lake kwa mtu mmoja, hofu imepungua. Kuhusu kupita, mimi nilifungua njia moja katikati kwa kusogeza madawati hadi ukutani. Sifiki kwa kila mtu kila siku. Leo nusu ya kushoto, kesho nusu ya kulia, na wenyewe wanajua siku yao.

Mtoto wa Mwalimu
Wape wachague nani afute ubao leo. Vita ya siku hiyo mtakuja kunisimulia hapa.

Mdadisi
Mama Pacha asante sana, hii naiweza. Jumatatu naanza na kumi kwa sita, nitaleta mrejesho. Swali la mwisho kwa Chaki: yule anayeganda safu ya kwanza kila siku unamsogezaje bila kumfokea?

Chaki Mkononi
Nachuchumaa pembeni ya dawati lake, naufunika mstari wa mwisho wa ule mfano kwa karatasi, namwambia aumalizie. Akiweza, nafunika miwili. Mitatu ikifunikwa namfungulia safu ya pili aone kuwa ni kazi ileile ambayo ametoka kuifanya. Akikataa siku hiyo simlazimishi, namuuliza tu mstari upi ndio unaomchanganya, na kesho naanzia kwake.