Giaboksi ya gari la zamani inavuja oili: tupeane uzoefu

Wakuu, nina Land Rover 109, Series III, niliyoachiwa na mzee. Kila asubuhi uani kwangu Tabata kuna doa jipya. Nilizoea, nikawa nategesha sahani chakavu chini. Kilichonishtua ni siku nimeegesha kwa shemeji Kimara, kwenye mteremko, hendibreki nimevuta mpaka mwisho, gari likaanza kuondoka lenyewe. Kumbe kwenye hizi gari ngoma ya hendibreki iko nyuma ya transfa, lile boksi la nyuma ya giaboksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Sili ya pale, ule mpira wa kuzuia oili, ikiachia, oili inalowesha shuu zote za breki.

Nikabadilisha sili. Wiki tatu, inavuja. Nikabadilisha tena, yale yale. Fundi wa tatu, mzee mmoja wa Gerezani, sili hata hakuiangalia. Alipitisha ukucha kwenye flenji, kile chuma kinachozunguka ndani ya sili, ukanasa. Sili za miaka yote hiyo zilishachimba mfereji, ukiweka mpya mdomo wake hauna pa kushika. Flenji ikaenda kwa fundi wa leith, mashine ya kuchonga vyuma, ikavalishwa bushi nyembamba. Huu ni mwezi wa tano tangu hapo, nyuma pakavu. Mbele bado kuna tone, chini ya klachi. Waliopitia hili?

Babu wa KE70: Corolla yangu ilikuwa ikivuja ukitoka safari tu, ikilala siku mbili kavu kabisa. Kumbe brita, kile kitundu cha giaboksi cha kupumulia, imeziba tope. Giaboksi ikichemka hewa inakosa pa kutokea, inasukuma oili kwenye sili. Waya na petroli, kazi imeisha. Fundi wa kwanza alishanipigia hesabu ya laki mbili na nusu!

Mama Pikapu: Angalieni na mnachojazia. Mimi nilijaza oili ya gia ya daraja la GL-5 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, wakati kitabu cha gari kinasema GL-4. Gia ya pili ikaanza kukwaruza. GL-5 nyingine zina viungo vya salfa vinavyoweza kula ringi za sinkronaiza, zile za shaba zinazofanya gia iingie laini.

Dogo Klachi: Mkuu wa 109, hilo tone la mbele usishushe giaboksi kwanza. Linuse. Oili ya gia inanuka salfa, kali. Isiponuka hivyo, ni sili ya nyuma ya injini. Mimi nilishusha kabla ya kunusa, Jumamosi nzima nikapoteza.

Mwenye uzi: Nimetoka uvunguni sasa hivi. Ni ya injini. Sahani imerudi.