Naomba ushauri: naridhika na penseli na ndege, je, nazembea kiroho?

Mleta mada
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naombeni mawazo yenu. Wa kejeli pia karibuni, ila msinimalize.

Mimi ni mtu mzima, nimeoa, nina kazi ya kawaida ya ofisini, nimeokoka siku nyingi. Ukiacha familia, hakuna kinachonipa raha kama kuchora ndege kwa penseli. Siuzi, wala siweki mtandaoni. Jioni nakaa dirishani na daftari, namfuatilia shomoro mpaka giza linaingia. Naweza kuhangaika na mguu tu wiki nzima: vidole vitatu mbele, kimoja nyuma, na ile namna kucha zinavyokumbatia kijiti. Ukikosea unene wa kidole cha nyuma, ndege mzima anaonekana anataka kudondoka. Nikiupatia, najikuta nimeshasema "asante Bwana" kwa sauti kabla hata sijafikiri.

Maneno yameanzia kwenye kikundi chetu cha maombi. Mpendwa mmoja ninayemheshimu kaniambia Waefeso 5:16 inatutaka tuukomboe wakati, na saa ya kuchora shomoro ni saa ambayo kuna mtu angehubiriwa. Mwingine akaja na lake: nifungue ukurasa niuze, eti Mungu hakupi kipaji kikae daftarini. Wenzangu wa rika langu wanajenga, wanasoma, wanaanzisha huduma. Mimi sina njaa ya hayo. Niko sawa, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Huku ni kuridhika kunakotoka kwa Mungu, au ni uvivu uliovaa kanzu ya utakatifu?

Kalamu Nyeusi
Mkuu, soma 1 Wafalme 4:33. Sulemani kapewa hekima na Mungu, na kati ya mambo yaliyoandikwa kuhusu hekima hiyo ni kwamba alinena habari za miti, kuanzia mwerezi wa Lebanoni mpaka hisopo inayoota ukutani, tena za wanyama, ndege na samaki. Hakuna aliyemwambia apunguze hisopo aongeze mikutano. Na Mathayo 6:26 Yesu kasema tuwaangalie ndege wa angani. Utamwangaliaje ndege huku unakimbia?

John Stott, yule mhubiri wa Kianglikana kutoka Uingereza aliyefariki 2011, alikuwa anasafiri kuhubiri nchi mbalimbali na darubini yake ya kutazamia ndege. Mwaka 1999 akatoa kitabu kizima kuhusu ndege na mafunzo yao. Sijasikia mtu akisema alizembea.

Mama wa Wanne
Mwanangu, huyo aliyekwambia uuze ndiye ningemkwepa kwanza. Ana nia njema, najua. Lakini siku ukiuza utachora anachotaka mteja, kwa siku anayotaka mteja, na ile "asante Bwana" itaanza kusubiri malipo. Ukiwa na shida ya fedha ni jambo jingine, uza tu, si dhambi. Hukusema una shida.

Halafu kuhusu kuridhika. Watu wanapenda sana Wafilipi 4:13, "nayaweza mambo yote", wanaitangaza wakitaka ushindi na vyeo. Wangeanzia mstari wa 11. Paulo yuko kifungoni, anasema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo, kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Hayo ndiyo mambo yote anayoyaweza! Tena anasema *amejifunza*, hakuzaliwa nayo. Kwa hiyo ukijiona umetulia, usikimbilie kujishuku. Pengine ni somo ambalo umekuwa ukifundishwa bila kujua.

Nikuulize kimoja tu: ukiwa umekolea hapo dirishani, mkeo akikuita, unaitika kwa sauti gani?

Mlinzi wa Zamu
Naona mnambembeleza. Waraka huohuo wa Wafilipi, rudini nyuma sura moja. 3:13-14 Paulo anasema hajioni kuwa amekwisha kushika, anakaza mwendo. Aliridhika na chakula na hali ya maisha, hakuridhika na alipofika katika kumjua Kristo. Mleta mada kasema "niko sawa" bila kutofautisha hayo mawili. Kutotamani nyumba kubwa ni sawa. Kutotamani kumjua Mungu zaidi ni ugonjwa. Na 1 Yohana 5:21 haikusema sanamu lazima ziwe za mti.

Kalamu Nyeusi
Mlinzi, hoja ya sura ya 3 nakupa, ni nzito. Ya sanamu sikupi. Mtu anayemshukuru Mungu kwa kidole cha shomoro anaabuduje kidole? Kutoka 31, Bezaleli anajazwa roho ya Mungu, na kazi anayopewa ni kuchonga mbao, kukata vito na kufua dhahabu. Na mavazi ya Haruni yaliagizwa yawe "kwa utukufu na kwa uzuri", yakawekwa makomamanga ya nyuzi kwenye pindo. Makomamanga ya nyuzi, jamani. Yalikuwa na kazi gani zaidi ya kupendeza?

Mleta mada
Asanteni. Mama, nimemuuliza mwenyewe. Kasema nikiwa na daftari naitika mara ya kwanza, nikiwa na simu mpaka aite mara tatu. Kwa hiyo nadhani nilikuwa nalichunguza daftari bure.

Mlinzi, "niko sawa" yangu ilikuwa ya nyumba na vyeo. Ya kumjua Mungu bado nina njaa, na nimeona nimwambie hivyohivyo yule mpendwa. Kuuza siuzi.

Mlinzi wa Zamu
Hapo tumeelewana nusu. Kila jioni bado naona ni nyingi. Mara mbili kwa wiki zingemtosha.

Mama wa Wanne
Baba, na wewe burudani yako ni ipi?

Mlinzi wa Zamu
Mpira. Lakini naangalia timu moja tu.