Kengele ya kumwita mhudumu kwenye makao ya wazee: waya au wayalesi?

mratibu_zamu: Wakuu, wazee 24, vyumba 12 kwenye nyumba mbili za paa la mabati, usiku zamu ina wahudumu wawili tu. Tunataka kengele za kitandani na chooni. Umeme unakatika hovyo. Tuvute waya au tuchukue wayalesi? Na sensa ya kitandani (mkeka unaohisi mzee akinyanyuka) kwa wanaoanguka, inafaa?

fundi_volti: Wayalesi ya 433 MHz (masafa ya redio) inatosha, ila "mita 100" ya kwenye boksi ni ya uwanja wazi. Kuta mbili tatu za tofali zinaila. Nunua kwanza kitufe kimoja na risiva (kipokezi) moja, nenda chumba cha mwisho, funga mlango, bonyeza mara kumi. Ikikosa hata moja, weka ripita (kifaa kinachopokea mawimbi na kuyarusha tena) koridoni. Angalia pia kodi, yaani namba ya utambulisho inayorushwa na kila kitufe: vitufe vya bei chee vingine vinagongana, chumba 3 kinabonyeza, ubao unaonyesha 9.

Umeme: risiva ya volti 12 ikila ampea 0.3, betri ya Ah 7 (ampea-saa) usiishushe chini ya nusu. 3.5 gawa kwa 0.3, unapata saa 11 na ushee. Usiku umevuka.

sista_wodi: Chooni kitufe cha ukutani ni urembo tu, aliyeanguka hakifikii. Weka kamba nyekundu yenye pete mbili: moja sm 80 hadi 100 kutoka sakafuni, nyingine sm 10. Anayepiga deki ataifunga juu kwenye bomba isilowe, na hakuna atakayejua mpaka siku mtu aanguke. Ikaguliwe kila mnapokabidhiana zamu.

Swichi ya kuzima wito iwe chumbani kwa mzee. Ikiwa mezani kwa wahudumu, saa tisa usiku inazimwa na mtu aliyekaa.

fundi_volti: Naam, hiyo ya swichi ya kuzima wengi wanaikosea.

sista_wodi: Sensa haizuii kuanguka, inakwambia tu kwamba mtu ameshanyanyuka. Wape wachache wanaosahau kubonyeza. Ukiwawekea wote, italia mpaka wahudumu waizoee. Mkeka wa sensa ukae usawa wa makalio, juu ya godoro, chini ya makintoshi (shuka la plastiki lisilopitisha maji) na shuka. Chini ya sponji nene, mzee mwepesi hasomeki. Ucheleweshe sekunde mbili, ama kila akijigeuza inalia.

mratibu_zamu: Na mwenye kiharusi, kidole hakina nguvu?

sista_wodi: Swichi bapa ya kiganja, ibanwe kwenye shuka upande wa mkono usiopooza. Mkimgeuza, ihamisheni naye.