Neno "set" linanitoa jasho, naomba ushauri

Asalam aleykum wenzangu. Natembeza wageni Mji Mkongwe, Kiingereza nimekiokota barazani tu. Juzi mgeni kaniambia "we set off at six". Mimi nikasikia habari za jua kuzama, nikamngoja Forodhani wakati wa magharibi. Kumbe alitaka tuvuke kwenda kisiwa cha Changuu saa kumi na mbili asubuhi! Kafura.

Jua likizama "set", meza ikiandikwa "set", seti ya vikombe "set", hata saruji ikishika. Kamusi ya Oxford ya 1989 imelipa maana zaidi ya 400. Najua na sisi tuna "kupiga" (pasi, simu, chafya, mbizi), lakini hilo nimenyonya nalo.

Mlioshika lugha, nikariri maana mojamoja au sentensi nzimanzima?