Nina eka 6 za misindano Mufindi, mnunuzi anataka zote kwa mkupuo. Nimuuzie?

Msindano Mbichi:
Wakuu, habari za jioni. Nina shamba la miti eka 6 huku Mufindi, misindano (paini) ya miaka 11, ilipandwa Januari 2014. Ni miti kama 6,000 hivi. Amekuja dalali na tajiri wake kutoka Dar, wanatoa milioni 12 shamba zima, kukata na kupasua juu yao. Wapo wanaoniambia nisubiri, wapo wanaoniambia moto ukipita mwezi wa tisa nitabaki na mkaa. Kweli silali. Mwenye uzoefu anisaidie, niuze au nisubiri? Nahitaji jibu kabla ya Jumatatu.

Fundi Paa:
Mkuu, mimi napaua nyumba Dar, huu mwaka wa 14. Mbao za miti michanga ndizo zinatugombanisha na watu. Unapiga kenchi leo, wiki ya tatu 2x4 imejipinda kama upinde na misumari imetoka nje. Mwaka juzi nilirudia paa zima kwa hela yangu, mwenye nyumba alinishika shati mbele ya vibarua wangu. Miti ya mbao inataka miaka 18 mpaka 25. Muwe na huruma na sisi mafundi.

Mama Wawili:
Fundi, mwenzio ameuliza habari ya kuuza, wewe unalia na paa. Mdogo wangu, uza. Mimi nilikuwa na eka 4 Kilolo, nikasema nasubiri ikomae. Jirani akachoma shamba lake la mahindi saa nne asubuhi, upepo ukageuka, saa tisa sina kitu. Mkingamoto ninao, lakini mwaka ule sikuupalilia, nyasi zilifika kiunoni. Ile miti niliiuza kwa bei ya kuni. Mpaka leo nikisikia harufu ya majani mabichi yakiungua, tumbo linanikata.

Bin Mbao:
Pole sana mama. Kijana, usiuze kwa kukadiria kwa jicho, dalali anaishi kwa macho ya wenzake. Chukua tepu ya fundi cherehani, ingia shambani, zungushia mti pale kifuani, mita 1.3 toka ardhini, andika. Ukipata sentimita 47, kipenyo ni kama 15. Gogo la hivyo likiingia kwenye dingdong, ile mashine ya kupasulia shambani, linakupa 2x4 moja, likiwa limenyooka labda mbili, kinachobaki ni mabanzi. Ukifika 65 na kuendelea hapo ndipo kuna mbao. Sasa nijibu: ulipogolea matawi? Ulipunguzia miti iliyobanana? Na hiyo Jumatatu kuna nini?

Msindano Mbichi:
Asante mkuu. Kupogolea mara moja, 2018. Kupunguzia hapana. Jumatatu mashine inaingia shambani.

Bin Mbao:
Mashine inaingiaje shambani kwa mtu ambaye bado anaomba ushauri? Umeshapokea hela?

Msindano Mbichi:
Nimepokea milioni 3 ya kianzio, mwezi uliopita. Mtoto alikuwa anaingia chuo na sikuwa na pa kushika. Tuliandikishana kwenye karatasi ya daftari mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Sijauza jamani, ndiyo maana nauliza. Na bei yenyewe si mbaya ukilinganisha na wenzangu hapa.

Mzee wa Barazani:
Mwanangu, hiyo karatasi imeandika mwenye shamba ni nani?

Msindano Mbichi:
Imeandika jina langu. Shamba ni la marehemu baba, alifariki 2021. Tupo watatu, dada zangu wawili wameolewa, mmoja Morogoro, mmoja Songea. Lakini mimi ndiye niliyebaki. Palizi mimi, mkingamoto kila Juni mimi, moto wa 2022 niliuzima mimi na mke wangu kwa matawi mabichi, nywele zake zikaungua. Wao hawajashika nyengo hata siku moja. Wakija likizo wanapiga picha. Niliona nikishauza nitawatumia chochote.

Mama Wawili:
Chochote! Nafuta niliyosema. Mimi ni dada wa mtu. Kaka yetu aliuza shamba la mama tukasikia msibani, kwa mtu baki. Hatujasalimiana naye mwaka wa sita.

Mzee wa Barazani:
Mirathi ilifunguliwa?

Msindano Mbichi:
Hapana. Hatukuwa na ugomvi, hatukuona haja.

Kijiko Kirefu:
Naomba niwe mkweli. Hii ni chai, na sukari imezidi. Misindano hupandwa mita 3 kwa 3, eka moja inabeba kama 450. Eka 6 ni 2,700. Yeye ana 6,000! Kila akiulizwa anaongeza kipande: mara kianzio, mara marehemu, mara nywele za mke. Kesho mtaombwa mchango wa kurudisha milioni 3.

Fundi Paa:
Na mimi nilikuwa nimeshaanza kusikitika.

Msindano Mbichi:
Sijaomba mchango na sitaomba. Baba alipanda hatua mbili kwa mbili, kwa miguu yake. Alisema miche ni mingi, kuitupa ni dhambi. Iliyokufa ni michache. Dalali aliihesabu kwa kuweka doa la rangi nyekundu, akapata 5,312. Ndani ni giza, chini hakuoti hata jani, ni sindano kavu tupu, ukitembea husikii mguu wako.

Bin Mbao:
Kijiko, huyo hadanganyi. Njombe nimeona mashamba mengi hivyo, watu wa zamani waliogopa kuacha nafasi. Mita 2 kwa 2 eka moja inafika 1,000. Na giza hilo ndilo tatizo lako, kijana. Miti imegombea jua, imerefuka bila kunenepa. Ukisema sasa upunguzie nusu kwa siku moja, iliyobaki italazwa na upepo. Anza na iliyopinda na iliyozidiwa, kama robo, uiuze mirunda ya ujenzi. Acha misimu miwili, ndipo urudi tena. Hela ya kumrudishia dalali inaweza kutoka kwenye mirunda hiyohiyo.

Mzee wa Barazani:
Kabla ya mirunda, sikiliza. Mali ya marehemu haina muuzaji mpaka awepo msimamizi wa mirathi. Kaeni kikao cha ukoo, muandike muhtasari, mwende Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo. Jasho lako la miaka yote liseme pale, kwenye kikao, wala usilionee haya. Afisa misitu naye atataka barua ya kijiji ioneshe miti ni ya nani; bila hiyo hupati kibali cha kuvuna, na bila hati ya kusafirishia mbao hazivuki kizuizi. Mnunuzi mzoefu anayajua haya. Mwambie leo, kabla hajakodi lori la kubeba mashine.

Kijiko Kirefu:
Nimekuelewa mkuu, samahani. Tepu umeshaingia nayo?

Msindano Mbichi:
Nimerudi, wakuu. Dalali nilimpigia juzi, alitukana, kisha akasema atasubiri mpaka mwisho wa mwezi, arudishiwe hela yake au apewe mirunda. Dada wa Morogoro nilimpigia usiku. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Jana jioni akashuka na basi.

Leo tumeingia na tepu ya cherehani ya mke wangu. Mstari wa upande wa barabara, unaopata jua, mingi ni 64, 66, mmoja umefika 71. Ukiingia hatua kumi tu ndani: 40, 38, 41, 43, 37. Mimi nazungusha tepu, dada anaandika. Tumefika mti wa 180, mikono yote imejaa utomvu. Amesema habari ya milioni 3 tutaiongea tukimaliza eka ya kwanza.