MJADALA: Vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani: wapiga mizinga kupewa kazi ya askari wa miguu 1864, ilikuwa halali?

Kasri: 1st Maine Heavy Artillery, rejimenti ya mizinga mizito, walilinda ngome za Washington mpaka Mei 1864, Jenerali Grant wa Kaskazini akawaita mstari wa mbele na bunduki. Tarehe 18 Juni, Petersburg, Virginia, mbele ya mahandaki ya Kusini, wapatao 900 walivuka uwanja mtupu. Kama dakika kumi tu, 632 chini: wafu, majeruhi na waliopotea. Huu si uzembe?

BarutiKavu: Uzembe gani? Waliandikishwa 1862 kama 18th Maine, askari wa miguu kabisa. Mizinga walipewa 1863.

Kasri: Soma vizuri. Wazoefu waliotakiwa kuwafuata walijilaza chini. Walijua udongo uliopandishwa mbele ya mahandaki maana yake nini. Maine wakaenda peke yao.

Jongoo: Mnasahau ukubwa. Rejimenti ya mizinga ni kombania 12, watu hadi 1,800. Ya miguu kombania 10, watu 1,000. Lazima wafu wawe wengi. Na wangebaki na mizinga, zile za aina ya Parrott zingewapasukia na kuwaua zenyewe.

BarutiKavu: Umegusa pabaya. Parrott ya kombora la pauni 30 pale Cummings Point, karibu na Charleston, ilipiga mara 4,606 ndipo ikapasuka. Hiyo nayo ni muuaji?

Jongoo: Na ile Parrott iliyoitwa Swamp Angel, mdomo wa inchi 8? Mara 36, kitako kikang'oka!

BarutiKavu: Walitia baruti pauni 20 badala ya 16, mtutu umeinuliwa juu. Lawama mpe aliyepima.

Mtambo: Nyote mmeruka kiini. Mtutu ni chuma cha kusubu, pete ya chuma cha kufua iko kitakoni tu. Nyingi zilikatika mbele ya pete, kwa sababu kombora lililipuka likiwa bado ndani: likishtuka, baruti yake inasugua ukuta wenye mikwaruzo na kuwaka. Dawa ni kupaka vanishi ndani ya kombora.

Kasri: Tumetoka kwa watu 632, tumefika kwenye vanishi. Hongereni. Hapohapo Petersburg, 1st Connecticut Heavy Artillery ya kamanda Abbot waliachiwa mizinga yao, pamoja na ile mota (mzinga mfupi wa kurusha kombora juu) iliyoitwa Dictator, mdomo wa inchi 13, uzito pauni 17,000, juu ya behewa la reli. Kumbe kazi ya mizinga ilikuwepo!

Jongoo: Behewa lenyewe si lilivunjika kombora la tano?

Mtambo: Lile la kwanza, la kawaida. La pili liliongezwa boriti, likafungwa kwa vyuma na kupigwa bati nene juu.

Jongoo: Basi hata behewa lilihitaji pete.