Msaada: narekodi TV ya HD kwenye kompyuta, spika za nyuma kimya

Kibuyu_Houston: Wakuu, nina resiva ya sauti na spika za 5.1 (tano za kuzunguka chumba na moja ya besi). Mechi ikiwa laivu kwenye TV, spika zote zinanguruma. Nikiirekodi kwenye kompyuta na kuicheza, zinalia mbili za mbele tu. Nibadili programu gani?

Bendi_Pana: Anza na diski. Chaneli ya ATSC, mfumo wa TV ya dijitali ya antena Marekani, hubeba megabiti 19.39 kwa sekunde, yaani saa moja yaweza kufika GB 8.7. Diski ikiwa na mpangilio wa mafaili wa FAT32, faili linakatika likifika GB 4. Weka mpangilio wa NTFS.

Kibuyu_Houston: Ni NTFS tayari.

Fundi_Waya: Picha inaingiaje kwenye kompyuta? Hilo hujasema.

Kibuyu_Houston: Antena, king'amuzi, HDMI, halafu kile kidude cha USB cha bei poa. Msinicheke, picha safi kabisa.

Fundi_Waya: Ndiyo mchawi huyo. Vidude vya aina hiyo hupokea stereo tu. Ukiiwekea OBS, ile programu ya kurekodi, 5.1, utapata njia sita za sauti, nne tupu.

Kibuyu_Houston: Mbona juzi nilifanya hivyohivyo na za nyuma zikalia? Halafu kidude nimeshanunua.

Sukari_Kidogo: Hii chai. Stereo izae spika sita? Jamaa anatafuta pa kupigia debe duka lake.

Fundi_Waya: Si lazima iwe chai. Kibuyu, kompyuta imeungwa na resiva kwa waya gani, na kioo cha resiva kiliandika nini?

Kibuyu_Houston: Waya wa optiki. Kiliandika Pro Logic.

Fundi_Waya: Basi. PCM, yaani sauti ya dijitali isiyobanwa, kwenye optiki hupita njia mbili tu. Resiva ndiyo iliyozitawanya nyuma, hiyo ndiyo kazi ya Pro Logic. Unachotaka kuona pale ni Dolby Digital, sauti ya 5.1 halisi. Chukua tyuna (kipokea mawimbi ya TV) ya ATSC ya USB, chomeka waya wa antena moja kwa moja, hifadhi mkondo wa matangazo kama ulivyo, faili la .ts, bila kubadili umbo. AC-3, ndiyo hiyo Dolby Digital, itabaki nzima humo. Kwenye mipangilio ya sauti ya VLC, programu ya kuchezea video, washa upitishaji wa HDMI/SPDIF, sauti iende kwa resiva kama ilivyo. Kagua faili kwa MediaInfo, programu inayoonyesha kilichomo kwenye faili: ikisema njia 2, huenda kituo chenyewe kilirusha stereo, usiilaumu tyuna.

Bendi_Pana: Na usikimbilie ATSC 3.0, toleo jipya. Sauti yake ni ya umbo jingine, AC-4, programu nyingi haziifungui, na vituo kadhaa vimefunga matangazo yao kwa DRM, kufuli la kuzuia kunakili.

Kibuyu_Houston: Sawa, ila kidude nikibadilishia waya wa HDMI ulio bora zaidi?

Sukari_Kidogo: Chai, tena ya pili.